Mihogo ya Kibua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Murekatete alizunguka nyuma ya jiko kukagua bustani yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na bustani hiyo aliipenda kuliko mchezo wowote. Wenzake wakiruka kamba, yeye alikuwa anageuza majani ya kabichi kutafuta viwavi. Mama yake, Libérata, alilazimika kumwita mara mbili tatu ndipo atoke huko, miguu imejaa tope na sare imechafuka pindoni.

"Murekatete, masomo haiko mu kabichi," mama alisema. "Kuja unawe."

Waliishi Masisi, katika kijiji cha mlimani ambako watu hulima maharagwe na kufuga ng'ombe. Mashamba makubwa yalikuwa ya wazazi, lakini kipande kile cha nyuma ya jiko kilikuwa cha Murekatete peke yake, na humo alijaribu kila kitu. Mvua za Septemba zilipoanza, alipanda vitunguu na karoti. Mvua za mwezi wa pili zilipofika, alipanda maharagwe ya kutambaa, akayasimikia miti mirefu hadi yakapita paa la banda la kuku. Kiangazi kilipokausha vilima, nyanya zake zilikunywa maji yaliyooshea vyombo. Mengine yalistawi, mengine yalikufa, naye hakukata tamaa. Mgeni aliyefika kwao aliombwa mbegu kabla hata hajaketi.

Mama alikuwa ameweka sharti moja tu. Kitu ambacho mtoto hawezi kukila, kisipandwe karibu na nyumba. Sharti hilo lilitokana na Samy, kitinda mimba aliyekuwa bado mdogo sana, ambaye alitia kinywani kila alichokiokota: udongo, maua, na siku moja unyoya wa jogoo.

Basi mwanzoni mwa mvua fulani alipita nyumbani mama mdogo wa Murekatete, aitwaye Adelaïde, akiwa njiani kwenda Goma. Adelaïde ameolewa Kibua, upande wa Walikale, kwenye joto na misitu, ambako bila muhogo mtu hasemi amekula. Murekatete alikuwa amemwomba kwa simu amletee mmea mgeni. Adelaïde akamletea vijiti vya mihogo vilivyofungwa kwa majani ya mgomba.

"Huu muhogo unazaa sana," alisema. "Lakini sikia vizuri, mutoto wangu. Si kama wenu wa kuchemusha. Huu iko mukali, iko na sumu. Unaumenya, unauloweka mu maji siku tatu ao ine mpaka unalainika, unauanika, njo unautwanga unga. Usiukule mubichi, usiukule wa kuchemusha. Mama yako haiko hapa, basi wewe njo utamwambia."

"Ndiyo, Mama mudogo," Murekatete akaitika kwa adabu.

Moyoni alikuwa anacheka. Pale kijijini watu walizoea kuwatania ndugu zao wa msituni kwamba wanaloweka muhogo kwa sababu wanapenda kunusa harufu yake. Utani huo Murekatete aliusikia tangu akiwa mgongoni mwa mama, hata akauchukua kuwa elimu. Muhogo ni muhogo, alijiambia. Wa kwetu unachemshwa unaliwa, na huu nao utachemshwa utaliwa. Tena alilikumbuka sharti la mama. Akitamka neno "sumu", vijiti vile vitaishia jikoni kuwa kuni.

Jioni mama aliporudi kutoka sokoni, akauliza, "Adelaïde amekuletea nini?"

"Muhogo tu, Mama. Kama ule wetu."

Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno machache, na mama hakuwa na sababu ya kuutilia shaka. Vijiti vikapandwa kando ya ua.

Milimani muhogo hauna haraka. Mvua zikaja zikaenda, kiangazi kikapita, mvua zikarudi, na mihogo ya Kibua ikarefuka polepole hadi ikampita Murekatete mwenyewe. Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali kuliko kawaida. Karoti zilinyauka na nyanya zikakauka zikiwa bado changa, lakini mihogo ile ilibaki na majani yake ya kijani, na majirani wakasimama kuisifu. Murekatete alivimba kichwa. Lile onyo la Adelaïde alikuwa amekwisha kulisahau, au tuseme alikuwa amejizoesha kutolikumbuka.

Jumamosi moja mwishoni mwa kiangazi, baba alikuwa malishoni na ng'ombe, na mama alikwenda shambani kutayarisha udongo. Murekatete aliachwa nyumbani pamoja na Samy, ambaye sasa alikuwa na miaka minne. Akachukua jembe, akachimba shina la kwanza. Mizizi iliyotoka ilikuwa minene kama mapaja ya Samy, na furaha aliyoipata msichana huyo haina kipimo.

Kwao ilikuwa desturi kwamba mavuno ya kwanza ya bustani huonjwa na jirani kabla nyumba yenyewe haijashiba. Akajaza kikapu, akakipeleka kwa Mama Twizeyimana, mjane wa nyumba ya pili aliyeishi na wajukuu zake. "Tutaupika jioni hii," bibi huyo alisema, akambariki. Murekatete akarudi mbio, akamenya mingine, akaichemsha.

Samy hakuwa amekula kitu tangu uji wa alfajiri, na njaa ilikuwa inamtoa machozi. Alikata kipande kwa meno, akakunja uso.

"Iko muchungu," akasema, akakitema.

Murekatete alionja. Ni kweli, ulikuwa mchungu. Hapo ndipo angesimama, ndugu msomaji, na hapo ndipo hakusimama. Alifungua kopo la sukari, akanyunyiza juu ya vipande vyote, akampa tena. Sasa Samy alikula, akalamba vidole, akaomba kingine, akapewa. Murekatete mwenyewe alikula vipande viwili tu, kwa kuwa alitaka kumaliza kuosha sufuria kabla mama hajarudi.

Haukupita muda mrefu, Samy akaanza kutapika. Murekatete alimfuta, akamlaza kwenye mkeka. Aliposimama, kichwa chake mwenyewe kilizunguka na tumbo likamsokota. Alimwita Samy, na Samy hakuitika. Alimwinua, miguu ya mtoto ikalegea, ikakataa kumbeba. Alikuwa anapumua upesi upesi, kama aliyepanda mlima mbio. Murekatete aliganda palepale akimshikilia.

Mama aliingia uani wakati huohuo, jembe begani. Jembe likaanguka.

"Samy iko na nini?"

"Sijui, Mama."

Mama hakuuliza tena. Alimfunga mtoto mgongoni, akakimbia barabarani, akamsimamisha Yves, kijana wa jirani mwenye pikipiki ya abiria. Wote watatu walipanda nyuma yake. Njia nzima mama alirudisha mkono nyuma kila mara kugusa mguu wa Samy, aone kama bado una joto. Murekatete aliuona mkono ule.

Kwenye kituo cha afya aliwapokea muuguzi mmoja, Papa Edmond, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alimlaza Samy kitandani, akamtoboa kidole kupima malaria. Kipimo kikaonyesha hakuna malaria.

"Mama, mutoto alikula nini leo?"

"Uji tu, Papa. Uji wa asubuhi. Mi nilikuwa kwenye shamba."

"Na wewe, dada? Wewe njo ulibaki naye. Ulimupa nini?"

Murekatete aliangalia sakafu. Kama angesema, mama angejua yote: onyo la Adelaïde, uongo wa siku ile, sukari.

Mwili wa Samy ukaanza kukakamaa na kutikisika, macho yakageukia juu. Mama alishika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili. Papa Edmond alimgeuza mtoto ubavu, akasema bila kupandisha sauti, "Kama sijui alikula nini, nitabahatisha. Na huyu mutoto hana muda wa mimi kubahatisha."

Maneno hayo yalimpiga Murekatete kifuani kuliko kofi. Hadi hapo alikuwa anaogopa kuchapwa. Sasa alielewa kwamba Samy anaweza kufa, afe hapo mbele yake, na dawa ya kwanza ilikuwa imefungiwa kinywani mwake yeye.

"Muhogo," akasema. "Muhogo wa Kibua. Mama mudogo aliniambia iko na sumu, inalowekwa kwanza. Nilijua. Nilimudanganya Mama. Niliuchemusha tu, na ulikuwa muchungu, nikautia sukari."

Mama aligeuka, akamtazama binti yake kama anayemwona mtu asiyemfahamu. Mtazamo ule Murekatete hakuusahau tena.

Papa Edmond alikuwa amekwisha kuondoka pale. Alileta chupa ya oksijeni, akamwekea Samy serumu, yaani maji ya dripu, mkononi, akapiga simu hospitali kuomba dawa ya sumu ya muhogo iletwe haraka. Alipomaliza akamgeukia Murekatete.

"Nani mwengine alikula?"

"Mimi, kidogo."

"Na mwengine?"

Murekatete akakumbuka. Alikiona kikapu. Aliwaona wajukuu wa Mama Twizeyimana wakimsindikiza hadi mlangoni, wakicheka.

"Nilipelekea Mama Twizeyimana," akasema kwa sauti iliyokatika. "Alisema watapika jioni hii."

Nje jua lilikuwa linashuka. Mama aliketi sakafuni. Yves alikuwa bado mlangoni, hakusubiri kutumwa. Walisikia pikipiki yake ikinguruma, kisha haikusikika tena, na waliobaki wakawa na kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja.

Aliporudi alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Alikaa kwenye benchi kwanza, akavuta pumzi.

"Nilikuta wameshaupakua," akasema. "Batoto walikuwa wameketi, sahani iko mbele yao. Bibi alikuwa anaomba sala ya chakula. Nilimukata katikati ya sala."

"Kuna aliyeonja?" akauliza Papa Edmond.

"Hakuna."

Mama Libérata alifunika uso kwa kitenge chake, akalia. Dawa ilifika kabla giza halijaingia. Kutikisika kulikoma kwanza, kisha pumzi ikatulia, na kesho yake asubuhi Samy alifungua macho akaomba maji. Murekatete, ambaye kizunguzungu chake kilikuwa kimetulia usiku, ndiye aliyempa kikombe; alikuwa hajalala.

Kabla ya kuwaruhusu, Papa Edmond alimketisha msichana huyo kando yake.

"Sikia, dada. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nina oksijeni na serumu, lakini ungenyamaza tu kidogo zaidi, leo tungekuwa tunazika. Tena ujue, muhogo mukali ukipigwa na kiangazi kirefu unazidi kuwa na sumu, na mutoto mudogo mwenye njaa njo unamuweza zaidi. Watu wa Kibua hawaloweki kwa kupenda harufu. Waliloweka tangu babu zao, na njo maana wako hai."

"Ndiyo, Papa," Murekatete akajibu. Mara hii hakuwa anacheka moyoni.

Aliamini kwamba akifika nyumbani atakuta bustani imefyekwa yote. Haikufyekwa. Mama alimpigia Adelaïde simu, akamweleza yote. Wiki iliyofuata Adelaïde alikuja mwenyewe kutoka Kibua.

Walichimba mihogo iliyosalia, Murekatete akaimenya yote kwa mkono wake. Waliiloweka ndani ya pipa lenye kifuniko, mbali na Samy, wakibadilisha maji, hadi ikalainika kabisa. Harufu ilitanda uani na wapita njia wakaziba pua, ila hakuna mwenye mdomo wa kutania. Wakaitoa nyuzi, wakaianika juani, wakatwanga, wakachekecha. Unga ulikuwa mweupe kabisa.

Siku ya kuupika, mama alituma mtu kumwalika Mama Twizeyimana. Bibi alikuja akaketi. Bugali ukawekwa mbele yake pamoja na maharagwe, naye hakunyoosha mkono.

"Huu nao umetoka wapi?" akauliza.

Mama Libérata alikuwa karibu kujibu, akajizuia, akamwachia binti yake. Murekatete alipiga magoti mbele ya mgeni.

"Ni ule ule wa Kibua, Mama. Ule ningewaua nao. Nilijua iko mukali, nikaficha. Safari hii tumeuloweka sawa vile Mama mudogo alifundisha, na mi nilikuwa pale toka mwanzo mpaka mwisho. Nisamehe. Ukikataa kula, uko na haki."

Mama Libérata akaweka mkono begani kwa binti yake.

"Kwa muda wote nilikuwa nakasirikia ule muhogo," alisema. "Kumbe muhogo haukutudanganya. Ulisema wazi iko muchungu, tena mutoto wa miaka ine akausikia. Sisi watu njo tunaweka sukari juu ya uchungu. Panda unachotaka, Murekatete, mbegu ya mgeni si mbaya. Lakini uliza, sikiliza, na usinifiche ulichoambiwa. Hapa nyumbani tunaweza kulala njaa tukaamka. Kwa uongo, tulikaribia kutoamka."

Mama Twizeyimana alimtazama Samy, aliyekuwa anamfukuza kuku mlangoni. Akamtazama Murekatete, bado amepiga magoti. Kisha akanyoosha mikono yake miwili aletewe maji ya kunawa.