Pumzi Iliyobanwa

"Kifaa chako ndicho kilichosema hatari!"

"Na bastola yako ndiyo..."

"Kilisema, Stumai! Kilinipigia kelele sikioni..."

"...ndiyo iliyoua, Bosco! Mimi hufundisha ukisikia hatari, toka mbio. Nani alikwambia ugeuke ufyatue?"

Kizuka kikawarukia katikati. Kilikuwa jambazi wa mwanga mtupu, panga juu, kimechomoka ukutani kama kilivyopangwa. Stumai akakipunga kama nzi, kikapotea. Kingine kikaanza kuchungulia nyuma ya nguzo. Hakuna aliyekumbuka kuzima mtambo.

Hapo Gangilonga, Iringa ya magari yanayoruka, raia walijifunza kujilinda kwa njia mbili. Ukumbi huu, Bosco Ngonyani aliwafundisha shabaha kwa vizuka alivyovibuni mwenyewe. Ukumbi wa pili, Stumai aliwavalisha sikio-mlinzi, kidude kama punje ya hindi kinachosikiliza nyayo, pumzi na mapigo ya moyo ya kila aliye karibu, kisha kinamnong'oneza mwenye nacho. Miaka yote walibishana kipi bora, huku wakinunuliana chai. Bosco akajiona mjanja, akatumia vyote.

Juzi jioni alikuwa anafungua mlango wa kwake. Sikio likamwambia: nyuma ya tangi la maji kuna mtu, amebana pumzi, moyo unamwenda mbio, kitu kirefu mkononi mwake kinakwaruza tangi. Bosco akageuka, bastola mkononi. Mtu akaruka, soksi usoni.

"Mngoni! Leo Wahehe tunarudisha ng'o..."

Risasi haikungoja amalize.

Alikuwa Kihwele, jirani yake, na fimbo ya kuchungia. Mababu wa Wahehe na Wangoni walipigana vita, wajukuu wakabaki na utani. Mwezi uliopita Bosco alimfungia Kihwele chooni mpaka wageni wakamsikia akiimba humo ndani. Sasa ilikuwa zamu ya Kihwele.

Stumai akakaa chini sakafuni. Sauti ikamshuka.

"Nimesikiliza kumbukumbu ya kifaa. Ile pumzi, Bosco... hakuwa anakuvizia kwa ubaya. Alikuwa anazuia kicheko. Mtambo wangu haujui tofauti."

Bosco akaangalia bangili ya polisi mguuni mwake, inayomwekea mpaka wa kutembea. "Mimi tofauti hiyo naijua," akasema. "Ningengoja kidogo tu, ningeijua sauti yake."

"Hodi."

Alikuwa Otilia, mjane wa Kihwele, kanga imefungwa kiunoni. Kizuka kikamrukia yeye pia. Hakushtuka hata kidogo. Stumai akakimbilia swichi. Bosco akapiga magoti.

"Kamwene, mama," akamsalimu kwa Kihehe. "Nipige. Niue ukitaka."

"Nyanyuka."

"Mama, mimi..."

"Nyanyuka, Mngoni, sakafu baridi." Akamshika mkono kumwinua. "Kesho tunazika. Watani wote wamekuja, wamekaa kimya kama mawe. Wanaogopa. Wanasema utani sasa unaua. Mume wangu anaenda ardhini bila hata mtu mmoja wa kumcheka, Bosco. Yeye!"

Akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Nimeshaongea na polisi, watakuleta. Njoo uingie kaburini ulale kama mtani afanyavyo msibani, ugome kutoka mpaka tukupe kuku."