Chumvi kwenye Kopo la Vifungo

Kila mchana akitoka shule, Chiriku alimpelekea babu yake chakula kwenye chumba cha cherehani. Jina hilo la utani alipewa na babu mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Babu alikuwa fundi hodari. Lakini daktari alisema mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo wake imekuwa myembamba, hivyo Mama akawa anampikia maharage, mboga za majani na samaki, chumvi kiduchu, mafuta kiduchu.

"Mjukuu wangu, hiki si chakula, ni adhabu," Babu alinung'unika. "Niletee chumvi. Iwe siri yetu."

Chiriku alimwonea huruma. Akawa anachota chumvi jikoni kwa kificho, anaifunga kwenye kipande cha kitambaa na kuificha chini ya vifungo, ndani ya kopo la Babu. Babu alinyunyiza, akala, akamsifu.

Kisha mambo yakaanza kwenda kombo. Siku moja Babu alishona mkono wa shati mahali pa kola, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Siku nyingine aliziba kwa uzi miguu yote miwili ya suruali ya mteja. Safari hii hakuna aliyecheka. Babu aliigeuzageuza ile suruali kana kwamba imeshonwa na mtu mwingine.

Chiriku aliogopa, lakini akanyamaza. Akisema, Babu atamwona msaliti.

Siku iliyofuata alipoingia na sahani, Babu alichukua utepe wa kupimia, akampima mabega taratibu.

"Simama wima, binti," alisema kwa upole. "Wewe mtoto wa nani?"

Chiriku aliweka sahani chini. Alikimbia kwa Mama, akamweleza yote huku akilia.

Hospitalini, walikompeleka Babu, daktari hakumgombeza Chiriku. "Chumvi nyingi hupandisha presha, na mishipa ile tayari ni myembamba," alisema. "Ubongo ukikosa damu, kumbukumbu hupotea, na nyingine hazirudi. Tutalinda zilizobaki. Kumpenda mgonjwa si kumpa kila anachotaka, mwanangu. Na siri inayomdhuru mtu usiitunze."

Mama akaanza kukoleza chakula kwa ndimu na kitunguu saumu. Wiki zikapita, mishono ikanyooka. Babu bado aliomba chumvi, na Chiriku alikataa hata aliponuniwa.

Lakini mpaka leo, kabla ya kuingia, husimama kwanza mlangoni na sahani yake, akisubiri Babu amwite kwa jina.

"Chiriku, mbona umeganda hapo?" Babu aliuliza leo. "Njaa inaniuma."

Chiriku akaingia.