Dawa Iliyokaa Chini ya Kitanda

Ndugu zangu wa mtaa, mwenye bidoni ya maji kichwani aitue kwanza anisikilize, kwa maana habari hii ni ya maji anayokwenda kuchota.

Asubuhi moja ya miaka ile ya vita, mtaa wa Carama ulikuwa umetulia. Bunduki za milimani zilikuwa zimenyamaza, mtama ulikuwa unakauka juu ya mikeka, na akina mama walikuwa wamepanga bidoni zao mbele ya robine, bomba la kuchotea, wakitaniana. Maji ya mjini yalikuwa yamekatika kitambo, ila Carama haikuwa na shida. Ilikuwa na tangi lake, lililojengwa na watu wa misaada, likipokea maji kutoka chemchemi ya juu kule. Sharti lilikuwa moja tu: kila asubuhi, kabla robine haijafunguliwa, dawa ya kuua vijidudu itiwe ndani ya tangi. Kazi hiyo alipewa Télesphore, mwenyekiti wa kamati ya maji, na ndoo ya dawa ilikaa nyumbani kwake, chini ya kitanda.

Aliyeharibu mambo ni mkewe, Daphrose.

Daphrose alisifika kwa kupika impeke, pombe ya mtama. Mnajua wenyewe: mahari haipokelewi bila chungu cha impeke katikati, wazee wa pande zote mbili wamekizunguka na mirija yao. Pombe ikiwa mbaya, nyumba nzima inachekwa. Na safari hii aliyekuwa anaposwa ni Irène, binti yake wa kwanza, tena wakwe wenyewe ni watu wa mtaa wa Kibenga, wanaojua kuchambua chakula cha wenzao. Daphrose akapika chungu cha kujaribu. Kikakataa kuchacha. Pombe ikabaki tamu kama uji wa mtoto.

"Baba Irène," akamwambia mumewe, "hii dawa yako inaua pombe yangu."

"Dawa si yangu, ni ya tangi."

"Basi uache kuitia kwa muda kidogo, mpaka mahari ipite."

"Na watu wakigonjwa?"

"Nani atagonjwa? Mama yangu alikunywa maji ya muto mpaka akazeeka! Ao unataka wakwe wanywe uji, waende kutucheka Kibenga?"

Jamani! Mtu mzima, ufunguo wa tangi anao, dawa anayo, akili zake timamu, halafu anaogopa kuchekwa! Télesphore akakuna kichwa, akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka ukutani. "Siku za mahari tu," akasema.

Kweli, impeke ikachacha vizuri. Wakwe wakavuta mirija mpaka wakasahau kuchambua, na Irène akatolewa mahari kwa vigelegele. Aliyemsaidia Daphrose kubeba maji yote ya kupikia alikuwa jirani yake Nsimire, mama aliyekimbia vita vya Bukavu, na mwanawe Mawazo mgongoni.

"Mama Irène, siku hizi maji iko tamu!" Nsimire akasema. "Chai inakuwa chai. Ile harufu ya hospitali imeisha."

Mtaa mzima ukasema hivyohivyo. Wakamsifu mwenyekiti, naye mwenyekiti akapenda kusifiwa. Sherehe ikapita, turubai likashushwa, chungu kikaoshwa. Dawa je? Kesho. Kesho ikifika, kesho tena. Daphrose alikuwa anakutana na ile ndoo kila akifagia chini ya kitanda. Aliizunguka kwa ufagio, akaendelea na kazi zake.

Halafu mvua ikaja. Mitaro ikafurika, maji ya vyoo yakateremka mpaka kwenye bomba la zamani la kutoka chemchemi, lililokuwa na nyufa, na asubuhi iliyofuata robine ikatoa maji yenye ukungu. Nsimire alisimama na bidoni yake, akayaangalia.

"Mama Irène, leo maji iko na rangi. Dawa imetiwa?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo pa kusema kweli. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na Daphrose aliona aibu kumfedhehesha mumewe mbele ya foleni.

"Imetiwa," akajibu. "Chota tu."

Nsimire akachota.

Haikuchukua muda Irène, aliyekuwa bado kwao akingoja harusi, akaanza kuharisha maji matupu na kutapika. Kufikia mchana macho yalikuwa yamezama ndani na sauti imekauka. Na Télesphore, badala ya kukimbia kutafuta watu wa kumbeba, amesimama mlangoni anashangaa.

"Lakini mi nakunywa impeke kila siku, mbona sigonjwi?"

"Impeke inapikwa, we mwanaume!" Daphrose akapiga kelele. "Mutoto alikunywa maji! Ita watu, bariyeri itafungwa!"

Walimpitisha bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, kabla ya saa za kutotoka nje, wakamfikisha kwenye hema la wagonjwa wa kolera. Irène akawekewa serumu ya mshipani, na asubuhi akaomba uji. Daphrose alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Wakati huohuo Nsimire akaingia hemani. Mawazo alikuwa ameanza kuharisha bariyeri ikiwa imeshafungwa, na mama yake alikuwa amengoja mpaka ifunguliwe. Muuguzi, Népomuscène, alitafuta mshipa wa mtoto mkono huu, akatafuta na mkono ule. Mwishowe akamfunika shuka mpaka usoni. Kisha akawageukia watu wa Carama kwa hasira.

"Nyinyi si mko na tangi? Si mnatia dawa? Imekuwaje?"

Télesphore alitazama chini. Ikabidi Daphrose aseme, na akasema yote: pombe, wakwe, ndoo.

Népomuscène alimwangalia kama mtu asiyeamini masikio yake. "Mama, maji ya pombe ungechota ukayaacha kwenye beseni wazi mpaka kesho yake. Dawa ingetoka yenyewe pamoja na harufu yake. Hukuuliza mutu hata mumoja?"

Nsimire alikuwa amesikia. Hakupiga kelele. "Mama Irène," akasema, "mi nilikuuliza."

Baada ya mazishi, Daphrose aliivuta ile ndoo mwenyewe, akapanda kwenye tangi na kutia dawa. Kesho yake kwenye robine mwanamke mmoja akanusa kikombe, akakunja uso. "Aa! Harufu ya hospitali imerudi!" Yesu wangu, watu hawa! Daphrose akafungua kinywa amtukane, lakini Nsimire alikuwa anakuja, mgongoni hana mtu. Aliinama, akanywa kwa viganja, akajaza bidoni yake na kuondoka bila kumsalimia.

FUNZO

Dawa ya maji haina likizo. Haingoji mahari, wala krismasi, wala ubatizo. Harufu yake ikikukera, yaache maji yako kwenye beseni lako. Usiondoe dawa kwenye tangi la watu wote. Wewe uliyekabidhiwa ufunguo, hukupewa ili usifiwe chai ikiwa tamu. Na jirani akikuuliza kama dawa imetiwa, mjibu kweli, hata kama itakuaibisha wewe na nyumba yako. Daphrose angesema "haijatiwa" siku ile, aibu ingekwisha kabla ya jioni.

Haya, mwenye bidoni aibebe. Ila akifika robineni, aulize kwanza.