Kibao cha Fundi Saa

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku aliamka kabla ya kuitwa, akavaa koti zito na kushuka gatini na shangazi yake. Shangazi ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo. Shangazi huyo alikuwa nahodha wa boti ya wapiga mbizi. Miamba ya pwani ile ya kaskazini, yenye baridi na ukungu, ilikuwa imezamisha meli nyingi zamani, na watu walitoka mbali kuja kuzamia mabaki yake.

Chiriku alishika ubao uliotundikwa vibao vidogo, kimoja kwa kila mpiga mbizi. Anayezamia hukigeuza chake upande mwekundu. Akirudi botini, hukigeuza upande wa kijani.

"Kila mtu kwa mkono wake," shangazi alizoea kusema. "Hata awe amechoka hoi, usimgeuzie."

Jumamosi moja watu sita walizamia meli ya mizigo iliyolala chini mita ishirini. Wa mwisho kushuka alikuwa fundi saa, mzee mpole mwenye utani.

"Nikichelewa, msininywee chai yangu."

"Ukichelewa, babu, tutainywa na kikombe tukitafune!"

Walipoanza kurudi, wote walifanana kama shilingi kwa ya pili katika nguo zao nyeusi za mpira. Baridi iling'ata vidole. Vibao vitano vilikuwa vimeshakuwa kijani. Chiriku akaona mtu amempa mgongo, anavua mapezi ya miguuni. "Ndiye fundi saa huyo," akajisemea. Akakigeuza kibao cha sita.

"Wote wamerudi?" shangazi aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Wote, shangazi!"

"Ndiyo maana nakutegemea. Una macho ya mwewe wewe."

Injini ikanguruma. Chiriku akaingia chumbani kwenye joto, akamimina chai vikombe sita. Vitano vilichukuliwa. Cha sita kikabaki mezani, kikifuka mvuke.

Akachungulia chooni. Hamna mtu. Akaenda nyuma ya boti. Akakuta mitungi ya hewa na kamba zinazochuruzika maji. Alijua la kufanya ni kupiga kelele, lakini ulimi wake, ule ambao haukuwahi kuchoka, ulimganda kinywani. Shangazi alikuwa ametoka kumsifu sasa hivi! Akarudi chooni kuchungulia tena, akijua fika hataona mtu. Na huku boti ilikata maji, ikizidi kumwacha mzee wa watu baharini.

Mwishowe akakimbilia kwenye usukani. "Shangazi, rudi! Fundi saa hayupo. Mimi ndiye niliyemgeuzia kibao!"

Shangazi aliuzungusha usukani mpaka vikombe vikaanguka.

Walimkuta amekumbatia boya, akipuliza filimbi kwa pumzi za kuokoteza. Wakamvuta juu, wakamfunika mablanketi. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, na alitetemeka hata kikombe kikamshinda kushika. Chiriku akamshikia.

"Nisamehe, babu," alisema akilia. "Tena nilijua mapema kwamba hupo. Nikanyamaza. Niliogopa kugombezwa."

"Ulinyamaza muda gani?"

"Dakika tano. Labda zaidi."

Mzee alimtazama, meno yakigongana. "Nimetengeneza saa miaka arobaini, mjukuu wangu. Sijawahi kuona dakika ndefu kama hizo."

Chiriku aliinamisha uso. Alitamani agombezwe, lakini shangazi aliketi tu kando yake.

"Mimi pia nimekosa," alisema. "Nahodha huhesabu vichwa kwa macho yake, na leo sikuhesabu. Lakini sikiliza, mwanangu. Kukosea tunakosea sote. Ukijua umekosea, sema hapo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo. Wewe leo ulificha, na kifo kilikuwa kinamwendea mwenzako."