Tableti Ndogo ya Oduori

Mimi nilikuwa naitaka ile ndogo tangu mwanzo. Siwezi kujifanya.

Jioni hiyo nilitoka ofisini Malaba kama saa kumi na mbili, tableti kubwa nimeikumbatia kifuani, nikaenda ofisini kwa Alinga tubadilishane. Ni mwendo wa dakika kumi tu kando ya foleni ya malori. Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani. Kompyuta inakaa mezani, sawa, lakini lori halikai mezani. Unalifuata lilipo, unasoma namba ya kontena, unapiga picha, unamtumia mteja ambaye tayari anakufokea kwa simu. Ukiwa na tableti ya kusaidiana na kompyuta, kazi inakuwa nusu. Lakini ile kubwa jamani! Ni kama kubeba sinia. Mkono mmoja sinia, mkono mwingine mwavuli, makaratasi utashika na meno? Ndogo inaingia kwenye mfuko wa koti. Kubwa ni ya watu kama Alinga, wanaokaa kwenye kiti wakaisimamisha kando ya kompyuta, huku ankara, huku fomu, macho hayaumi.

Zote mbili zilikuwa za kaka yangu Oduori. Yeye na Alinga walikuwa washirika, kazi moja, ofisi moja. Oduori alikutwa kati ya trela mbili, amepigwa na chuma mpaka hatambuliki, koti lake la mvua la kijani limelowa damu. Tableti ndogo ilikuwa chini ya mwili wake. Polisi walisema ni majambazi. Tulimzika kwetu Matayos.

Kwetu vitu vya marehemu vinagawiwa siku ya kunyoa nywele, matanga yakiisha, na anayegawa ni shangazi. Shangazi Brigid alinipa kubwa. Ndogo akampa Alinga, ikiwa bado ndani ya bahasha ya polisi. Akatuambia wazi, mbele ya watu, ulichopewa ni hicho hicho. Hubadilishi na mwenzako.

Lakini sisi ni watu wa mpakani. Tunabadilisha shilingi ya huku kwa ya kule kabla hata ya kunywa chai. Tushindwe kubadilisha tableti? Alinga mwenyewe ndiye alinipigia simu, siku mbili tu baada ya mgao. Nilifurahi, nikajiona mjanja.

Nilimkuta amekaa gizani. Bega lake la kulia lilikuwa limelegea, vidole vitatu vimefungwa bandeji.

"Ni nini hii tena?" nikamuuliza.

"Nilianguka." Alikuwa anaangalia dirisha, jinsi mwanga ulivyokuwa unaisha. "Brendah, chukua haraka. Pokea kwa mkono wako."

"Kwani unanivisha pete?"

Hakucheka. Aliniwekea tableti kiganjani, akavuta pumzi ndefu mpaka nikamwonea huruma.

Huruma! Kama ningejua ningemzaba kofi.

*

Kesho yake jioni nilikuwa chumbani kwangu, nyuma ya duka la magodoro. Nilikuwa nimechemsha chai. Tableti niliiegemeza kwenye chupa ya chai nikitazama picha za makontena. Nje bado kulikuwa na wekundu wa jua.

Ikaja harufu.

Dizeli... na nyama iliyolala.

Halafu sauti. Chuma kinaburutwa kwenye kokoto. Krrr... krrr... Sasa, nyuma ya nyumba yangu hakuna kokoto. Ni saruji tupu.

Tableti ikajifungua kamera yenyewe. Nikajiona, kikombe mkononi, mdomo wazi kama mjinga. Na nyuma yangu kulikuwa na kifua cha mtu. Koti la mvua la kijani. Kioo ni kidogo, kilikata picha shingoni. Uso haukuonekana.

"Oduori?" nikanong'ona.

Akanipiga.

Nilisikia mfupa wa bega ukipasuka kabla sijasikia uchungu. Nikaangukia chai ya moto. Nilipogeuka hapakuwa na mtu, mlango umefungwa na komeo kama nilivyouacha. Jirani alinipeleka hospitali, nikasema nimeteleza. Ningesema nini? Kwamba marehemu kaka yangu amenivunja bega?

Asubuhi nilienda darajani nikaitupa tableti mtoni kwa nguvu zangu zote. Niliona maji yakiimeza. Niliporudi nyumbani ilikuwa juu ya meza, inachuruzika maji.

Jioni ile nilikaa kwa mama wa duka la magodoro, katikati ya watu wanne, taa zote zinawaka. Niliiacha tableti chumbani. Saa moja kasoro nikasikia uzito mfukoni mwa koti. Nikatia mkono... ilikuwa hapo. Nikakimbilia nje, nisije nikawaletea balaa watoto wa watu. Harufu ikanikuta kwenye karo la kufulia. Kitu kikanishika kifundo cha mkono, kikanilaza mkono wa kulia juu ya saruji, kikaponda vidole vyangu kimoja baada ya kingine. Vidole vitatu. Kwa utulivu, kama mtu anayevunja kuni. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakatika, na wale watu wanne baadaye waliapa kwamba hawakusikia kitu.

Usiku kucha nilikuwa na hasira kuliko uchungu. Oduori hakuwahi kunipiga hata kofi maishani. Nikiwa mdogo alikuwa akichapwa kwa makosa yangu na ananyamaza. Sasa kwa nini anivunje mifupa? Nikapata jibu, na jibu lilinikaa vizuri sana. Alikuwa anadhani mimi ni Alinga. Ndogo alipewa Alinga. Marehemu alikuwa amemfuata aliyemuua, na mimi na ujanja wangu wa mpakani nikaenda nikachukua adhabu ya mtu mwingine.

Nilikuwa nimeshahukumu kabla sijafika kwake.

*

Alinga aliponiona mlangoni akarudi nyuma mpaka kiti kikaanguka. Tableti kubwa ilikuwa imesimama mezani, kando ya kompyuta, jinsi ile ile Oduori alivyokuwa akiiweka.

"Usiilete hapa," akanong'ona. "Brendah, tafadhali."

"Ulijua."

"Nilijua. Nisamehe. Asekenye wangu ametoka kujifungua juzi tu, nilimfikiria yeye na mtoto..."

"Ulimuua ndugu yangu."

"Siyo mimi!" Alilia, mtu mzima yule. "Inaanza na bega. Siku ya pili vidole. Siku ya tatu ni kichwa. Mimi zilibaki saa chache nikakupigia simu. Hata Oduori alianza na bega! Kumbuka, alikuja kazini mkono umefungwa, akasema ni bodaboda. Kesho yake vidole, akasema ni mlango wa lori. Ile ndogo alikuwa ameinunua wiki hiyo hiyo, kwa mwanamke mmoja Busia. Ile kubwa amekuwa nayo miaka minne, imewahi kumfanya nini?"

Nilimsikia. Siwezi kudanganya, kila neno nililisikia, na nilikumbuka ile bandeji ya Oduori. Lakini bega lilikuwa linawaka moto, mwanga dirishani ulikuwa umebaki kidogo, na nilitaka mtu alipe. Nilimpiga teke la goti. Alipoinama nikamrushia tableti kifuani.

Na yeye akaidaka.

Nani angeiacha ivunjike? Mtu wa kazi yetu akiona kioo kinaanguka, mkono unaenda wenyewe. Aliishika kwa mikono yote miwili, akaitazama, akanitazama mimi.

"Brendah," akasema taratibu. "Umeniua."

Harufu ilikuwa imeshaingia.

Krrr... krrr... Mlango ukajifunga nyuma yangu. Tableti kubwa mezani ikawaka, na kwa kuwa ni kubwa, safari hii ilionyesha chumba kizima. Mimi ukutani. Alinga amepiga magoti. Na katikati yetu, mahali ambapo kwa macho yangu hapakuwa na kitu, mtu wa koti la kijani.

Nikaona shingo. Nikaona uso.

Hakuwa Oduori.

Alikuwa mwanamke. Siyo mzee, siyo kijana, amesuka nywele vizuri, uso umetulia kama mtu anayechagua mchele. Sijawahi kumwona popote. Koti la kaka yangu lilikuwa limemzidi, mikono ameikunja. Aliinua spana ya magurudumu kwa mikono miwili.

"Alinga, toka hapo!" nikapiga kelele. "Nirudishie! Nipe mimi!"

Alinga hakunisikia. Pigo la kwanza lilimfungua juu ya sikio. La pili lilimlaza chini. La tatu sitalieleza. Damu ilinirukia blauzi, mdomoni, ikatapakaa kwenye kile kioo kikubwa mpaka picha ikapotea. Na hata baada ya picha kupotea niliendelea kusikia.

Mlango ulipojifungua nilikimbia. Mlinzi wa ofisi ndiye aliyemkuta. Polisi wakasema ni majambazi wale wale.

*

Siku ya nne baada ya Alinga kufa nilienda Amukura kumpa pole Asekenye, mke wake. Shangazi Brigid alikataa kwenda na mimi. Nilikuwa nimemweleza yote, akanisikiliza, kisha akasema kitu kimoja tu: "Mimi nilisema msibadilishe. Nani angejua inatoka wapi?" Na yeye hajui. Niliuliza kila kibanda Busia kuhusu mwanamke anayeuza tableti zilizotumika, watu wakaniangalia kama kichaa.

Asekenye alinipokea vizuri, na hilo liliniumiza zaidi. Alinipa kiti, akaniletea chai, akanipa pole ya mkono wangu uliofungwa. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mihogo. Mtoto alikuwa amenyonya, Asekenye akamlaza begani, bega la kulia, anampigapiga mgongoni acheue.

"Askari amenirudishia vitu vya Alinga leo mchana, dada," akasema. "Kubwa wamebaki nayo, ina damu, ni ushahidi. Hii nyingine wamenipa."

Akaitoa chini ya shali. Ndogo.

"Wamekupa mkononi?" nikauliza.

"Eeh. Kwani wangenitupia?"

Chai ilinimwagikia mapajani. Nje bodaboda yangu ilikuwa bado inaningoja, mlango uko wazi, hatua tano tu. Ningeweza kuaga. Yeye ilikuwa siku yake ya kwanza, ningeweza kujiambia ana siku mbili za kutafuta pa kuipeleka. Lakini siku ya kwanza ni bega. Na juu ya bega kulikuwa na kichwa cha mtoto, hakijazidi embe.

Harufu ikaja.

"Asekenye, nipe hiyo."

"Ya nini?"

"Nipe kwa mkono wako. Sasa hivi!"

Krrr... kwenye udongo mtupu wa uwanja wake.

Alishtuka na ukali wangu, akaninyooshea. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Kioo kikawaka, na nyuma yangu nikaona kifua cha mtu, kimekatwa shingoni kama kawaida. Safari hii halikuwa koti la kijani. Ilikuwa sweta ya bluu ya Alinga.

Asekenye aliiona pia. "Mbona hiyo ni sweta ya..."

"Toka nje na mtoto! Usigeuke!"

Akatoka mbio. Nikafunga macho. Bega langu lilishapita, vidole vilishapita, nilijua kinachofuata ni nini. Nililia kwa sauti, sioni aibu kusema. Nilimwita mama. Nilisikia spana ikiinuliwa, nikasikia hata ile pumzi anayovuta mtu kabla ya kupiga.

Haikushuka.

Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa mimi niliiomba huku najua ni nini, na hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Shangazi anafikiri hivyo. Mimi naona yule mwanamke anangoja tu kitu. Wiki sita sasa kila jioni anakuja, anazunguka nyumba yangu na chuma chake, pole pole, anasimama mlangoni. Haingii. Nikijaribu kuvunja tableti, bega linauma mpaka nazimia. Kwa hiyo ninayo mfukoni, ninafanyia kazi. Na inafanya kazi vizuri, huo ndio ukweli. Nyepesi, chaji inakaa siku nzima.

Jana kwenye foleni ya malori mteja mmoja alinitukana. Alinitukania mama yangu mbele ya madereva, kisa fomu moja imechelewa. Alipomaliza akapoa, akaona kilichokuwa mkononi mwangu, akaona pia jinsi ninavyoishika kwa vidole vibovu.

"Madam, hiyo ndogo ni safi kuliko hii yangu kubwa," akasema, akanyoosha mkono. "Hauwezi kuniachia?"

Jua lilikuwa linazama. Nilikawia sana kumjibu.