Siku Nne za Bisibisi

Foleni ya hospitali haina adabu. Asubuhi ile watu walibanana mbele ya dirisha la maabara kama nguo kwenye sanduku la safari, na kila aliyesukuma alisukuma huku akiomba radhi. Katikati yao alikuwepo msichana mmoja, fundi cherehani, amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, na kwenye kola amechomeka sindano yenye uzi mweusi. Alikuwa ametoka kukatwa kinyama kidogo kwenye titi la kushoto, palipoota kivimbe kama punje ya mahindi. Alipokuwa anakabidhi kichupa dirishani, bega la mtu likampiga, simu ikamponyoka, ikaanguka kifudifudi.

"Usiiguse, dada, utajikata!" Kijana mmoja alishapiga magoti. "Niachie mimi, ndiyo kazi yangu."

Alikuwa amefuata dawa za presha za mama yake. Mfukoni mwa shati kulichungulia bisibisi, na shati lenyewe halikuwa na kifungo cha pili.

"Fundi simu asiye na kifungo," msichana alisema, akajishangaa mwenyewe, maana si msemaji.

"Na fundi nguo asiye na simu. Tumekutana vilema."

Msichana akachomoa kifungo cheusi cha akiba kwenye pindo la gauni lake, akamshonea palepale wamesimama. "Usicheke, nitakuchoma."

"Nichome tu, Sindano. Hospitali si hii hapa?"

Tangu hapo msichana akawa Sindano, na kijana akawa Bisibisi.

Mama mmoja mnene nyuma yao akaguna. "Shoneni, wanangu, mtakaa sana. Majibu ya vinyama ni wiki tatu, na wanapiga simu. Ukiambiwa njoo uchukue karatasi yako, cheka. Ukiambiwa njoo na ndugu yako, jua kuna neno."

Wote wawili walisikia.

Kioo cha simu ile kilikuwa adimu, kikaagizwa. Kibanda cha Bisibisi kilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua arobaini kutoka mlango wa duka aliloshonea Sindano, na kabla ya siku ile hawakuwahi kuonana.

"Laini yako naiweka kwenye simu yangu," alimwambia. "Ina nafasi mbili. Wakipiga, nakuja mbio."

Sindano alikubali upesi. Ukweli, alishukuru. Kila mlio wa simu ungemtisha, na sasa mlio umekwenda kukaa kwa mtu mwingine.

Akabaki na kungoja. Kila asubuhi alichoma pini moja kwenye mto wa pini, upande wa nyuma, ndivyo alivyohesabu siku. Alishona mshono sawasawa, akaufumua, akaushona tena. Akitia uzi kwenye sindano, mkono ulipita wenyewe kifuani kuuliza kama kivimbe bado kipo. Kilikuwepo.

Kila jioni alivuka barabara.

"Majibu?"

"Bado, mpenzi. Leo wamepiga watu wawili tu. Wa kwanza anataka sare za shule, wa pili amekosea namba."

"Ulimwambiaje aliyekosea?"

"Nikamwambia hapa ni kwa Sindano, na Sindano ana mwenyewe."

"Nani kakwambia nina mwenyewe?"

"Kifungo."

Siku moja mzee mmoja alileta simu iliyozama majini. Sindano aliona wazi kwamba imekufa, lakini Bisibisi alisema, "Njoo kesho, mzee."

"Mbona unamdanganya?"

"Simu iliyokufa simwambii mtu siku hiyohiyo. Naifungua tena, naipuliza, naikausha. Namwachia siku moja ya matumaini. Inanigharimu nini?"

Sindano alitabasamu, akaona kijana ana moyo laini. Penzi hupenda kasoro kabla ya kuzijua.

Pini zikafika ishirini na moja, zikapita. Ilipofika ya ishirini na nne, Jumatatu, Bisibisi alibadilika, akawa sukari tupu. Alimletea viatu vyekundu. Alifunga kibanda mapema wakatembea hadi kwenye daraja, akamshika mkono kama kitu kinachoteleza. Jumatano akasema:

"Sindano, nataka nikuoe. Usingoje karatasi ya mtu. Nijibu."

Sindano alicheka hadi machozi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kichupa kile. "Nipe hadi Jumapili, nimwambie dada."

Kesho yake hata pini alisahau kuchoma.

Ijumaa alivuka barabara akiwa na viatu vyake vyekundu. Bisibisi alikuwa kibanda cha jirani kuazima waya. Simu yenye laini yake ikalia mezani, Sindano akaipokea.

"Ni hospitali. Mbona hamjaja? Jumatatu tuliongea na mumeo, tukamwambia uje na ndugu. Akasema mnakuja, akatuachia na namba yake."

"Jumatatu?"

"Ndiyo, mama. Daktari wa upasuaji alikuwepo jana, orodha yake imefungwa. Anarudi baada ya wiki tano."

Bisibisi alirudi na waya mkononi. Alipomwona uso, waya ukaanguka.

"Nilitaka..."

"Ulijua."

"Nilitaka upate siku chache za furaha. Ulikuwa hucheki, Sindano. Sikujua habari ya orodha, wallahi."

"Ungenipeleka Jumatatu tungeijua. Mimi mkasi ukiteleza namwita mwenye kitambaa siku hiyohiyo. Kitambaa si changu, Bisibisi! Na huu mwili si simu ya mteja. Nilikupa mlio. Majibu sikukupa."

"Nisamehe, mama."

"Na Jumatano? Uliniposa mimi, au ulimposa mgonjwa?"

Kijana alifungua mdomo. Jibu lilichelewa kidogo tu, kama pumzi moja, lakini aliyezoea kungoja hujua urefu wa pumzi.

"Nipe laini yangu."

Kijana akavuta droo. Simu ya Sindano ilikuwa humo, imekamilika, kioo kinang'aa. Kilikuwa kimefika tangu Jumanne. Sindano aliitazama, akaichukua pamoja na laini yake, akavua viatu vyekundu, akaviweka juu ya meza kati ya bisibisi na gundi, akavuka barabara peku.

Jumatatu alikwenda na dada yake. Daktari mwingine alisema taratibu: ni saratani, imewahiwa mapema, lakini isicheleweshwe zaidi. Muuguzi akafungua faili.

"Hii namba ya mumeo tuiache?"

"Ifute. Andika ya dada. Yangu ibaki."

Walipofika kwenye korido simu ikalia mkononi mwake. Kupitia dirishani alimwona Bisibisi, amesimama nje ya geti na shati lile la kifungo cheusi. Dada akasema, "Usipokee." Akapokea.

"Sindano. Wamesemaje?"

Akasogea karibu na dirisha.

"Basi nijibu lile la Jumatano. Mapenzi yangu ni ya kweli. Nijibu lolote, hata hapana, lakini usiniache hivi."

Alikiangalia kile kifungo kwa mbali. Alikishona imara, hakingetoka leo wala kesho.

"Majibu yako bado," alisema. "Yakiwa tayari, utapigiwa simu."

Akakata. Akamshika dada mkono, wakatokea mlango wa nyuma.