Mgeni Aliyeingia Bila Hodi

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, ofisi ya shangazi yake Chiriku ilikuwa na desturi ya kuchekesha. Ilikuwa ofisi ndogo juu ya duka la viatu, yenye meza tatu na feni inayolalamika, na humo walitengeneza programu za kompyuta za hospitali na shule. Mara nyingi walitumia programu huria, yaani zile ambazo watengenezaji wake wamezitoa mtandaoni zitumiwe na yeyote. Lakini aliyetaka kuingiza kipande cha namna hiyo alipaswa kusimama na kusema, "Hodi!"

"Karibu!" wenzake waliitikia. "Umekuja na nani?"

Hapo alimtambulisha mgeni wake: katengenezwa na nani, ana masharti gani, na siku akiugua nani atamtibu. Shangazi akiridhika, mgeni anaingia. Asiporidhika, mgeni anabaki nje, hata awe mzuri vipi.

Chiriku, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haupumziki, alikuwa hapo tangu likizo ianze. Alijifunza kuandika programu katika klabu ya shule, na shangazi akampa kazi ya kweli: sehemu ya kufungua picha za wagonjwa katika programu mpya ya hospitali. Alihangaika nayo mpaka kichwa kikamwuma. Mwishowe akakuta mtandaoni kipande huria kinachofanya kazi ileile, tena vizuri kuliko chake. Juu kabisa mtengenezaji alikuwa ameandika jina lake na masharti yake: chukua, tumia, badilisha upendavyo, ila usiondoe maandishi haya.

Chiriku aliyaondoa. Akabadilisha jina la faili, akaweka lake.

"Hii umeandika peke yako?" aliuliza fundi wa ukaguzi, kijana waliyemwita Kobe kwa sababu hakuna aliyewahi kumharakisha.

"Peke yangu, kaka."

"Basi mimi nishuke chini nikauze viatu!"

Wakacheka. Shangazi akampigia makofi, na kutwa nzima Chiriku alitembea kama aliyejazwa upepo.

Ikafika siku ya kuiwasha programu hospitalini. Shangazi alikuwa na simu sikioni akizungumza na daktari mkuu. Kobe alikuwa mbele ya kompyuta yake. Ghafla akainua mkono.

"Bosi, ngoja kwanza. Kuna tangazo limetoka sasa hivi."

Akalisoma kwa sauti. Kipande kimoja huria cha kufungua picha kilikuwa kimegunduliwa kina ufa. Mwizi akituma picha iliyotegwa, angeweza kupenya na kusoma mafaili yote. Mtengenezaji aliwaomba wote wanaokitumia waweke toleo jipya mara moja.

Chiriku alilijua jina la kile kipande kabla Kobe hajamaliza kulitamka.

"Sisi tunacho?" aliuliza shangazi.

Kobe akatafuta katika orodha ya wageni waliopokewa. Akatafuta na ndani ya mafaili, moja baada ya jingine. "Hakipo, bosi. Hata jina halionekani."

Lingeonekanaje, na Chiriku alilifuta mwenyewe?

"Afadhali," shangazi alisema, akairudisha simu sikioni. "Samahani kwa kukuweka, Daktari. Sisi tuko salama. Nadhani mnaweza..."

Chiriku akatazama chini. Akisema, wote watajua ni mwongo, na shangazi huenda akaipoteza kazi aliyoihangaikia muda mrefu. Asiposema, kuna watu wamelala wodini, maradhi yao yatasomwa na wezi, na hakuna atakayejua mlango uliachwa wazi na nani. Mdomo usiopumzika ukamkauka.

"Shangazi, usiseme!"

Shangazi akaiziba simu kwa kiganja. "Una nini wewe? Huoni naongea na watu?"

"Tunacho. Ni ile sehemu yangu. Sikuiandika mimi."

Feni ikalalamika peke yake. Kobe akageuka polepole. "Chiriku, usinitanie."

"Sikutanii, kaka. Nilifuta jina lake."

Shangazi akaondoa kiganja. "Daktari, msiwashe chochote."

Sauti ya daktari ikasikika mpaka upande wa pili wa meza. "Mama, ukumbi umejaa wagonjwa! Makarani wameshakaa kwenye mashine! Kuna nini tena?"

Shangazi akamnyooshea Chiriku simu. "Mweleze."

Akamweleza bila kuficha kitu. Daktari akasema, "Mpe shangazi yako." Kwa shangazi neno lilikuwa fupi: leo watatumia karatasi, lakini kesho asubuhi programu isipokuwa tayari, watatafuta watu wengine.

Kobe akavuta kiti cha pili. "Kaa. Nionyeshe ulipogusa."

Haikuwa rahisi. Walipoweka toleo jipya, picha zote zilitoka nyeusi tii, kwa sababu Chiriku alikuwa amebadilisha mistari huku na huku ili ionekane yake. Ilibidi aikumbuke yote, na kila mstari alioukumbuka ulimwaibisha upya. Jua likiinama, picha zikafunguka. Kobe akajaribu picha iliyotegwa kama ya mwizi, ikakataliwa. Jina la mtengenezaji na masharti yake vikarudi juu. Daktari alipopigiwa, akakubali wawashe asubuhi.

Shangazi akamwita Chiriku pembeni.

"Utanirudisha nyumbani?" mtoto aliuliza.

"Nikikurudisha, nijirudishe na mimi. Nilikupigia makofi kabla ya kukuuliza, kwa sababu wewe ni damu yangu. Kuanzia kesho kazi ya kila mtu itakaguliwa mstari kwa mstari, na yangu ikiwemo." Akamshika bega. "Kuchukua si kosa, mwanangu. Nusu ya programu zetu ni kazi za wageni, na hatuoni haya. Lakini kitu cha bure hakikosi mwenyewe. Yule mtu hakujui, hajakudai hata shukrani. Leo alipoona hatari, alikuita kwa sauti kubwa ujiokoe. Tungemsikiaje, ilhali wewe ulishamfuta?"